Sitara ya Bi Sihaba

Watu wa Dunda watakwambia kwamba kalimati tamu kuliko zote Bagamoyo ni za Lulu, yule mwanamke wa Zinga anayekaa karibu na stendi na beseni lake la buluu. Wanampigia simu kuagiza za futari, za hitima, za kumpelekea mgonjwa. Lulu huzipokea sifa zao kichwa kikiwa chini, na watu husema ana haya. Haya anazo, lakini kinachomwinamisha ni kwamba hajapata kukaanga hata kalimati moja ya kuuza. Zote hukaangwa uani kwa Bi Sihaba binti Mwinyimvua, nyuma ya mlango wa nakshi ambao watalii husimama kuupiga picha, na Lulu huja kuzichukua kwa kupitia uchochoroni kabla mtaa haujaamka.

Mpango huo aliubuni Sihaba mwenyewe, mwaka ule alioachwa na mumewe. Aliona hawezi kukaa njiani na beseni. Babu yake alikuwa mfanyabiashara wa kutajwa mpaka Pangani, na ingawa maduka yalikwisha kabla Sihaba hajazaliwa, jina lilibaki, na nyumba ya mawe nayo ikabaki. Nyumba yenyewe ni ya warithi waliotapakaa Unguja, Mombasa na Maskati, haigawiki wala haiuziki. Mvua za masika zinaingia vyumba vya nyuma kama vile nazo zina fungu katika mirathi. Sebule ya mbele tu ndiyo nzima, na wageni wote huishia hapo.

Kijana wa mjini angesema huku ni kufa na tai shingoni. Sihaba ana neno lake, sitara, na hulitamka taratibu, kama mtu anayetaja jina la marehemu. Kwake yeye njaa ni jambo baina ya mwenye nyumba na Mola wake. Mkute asubuhi hana unga wala sukari, umuulize habari, atakwambia njema, alhamdulillah, kisha atakuulizia watoto wako mmoja mmoja kwa majina. Utaondoka hapo ukijiona wewe ndiye mwenye shida.

Miaka ya nyuma uliitishwa mkutano wa mtaa wa kuzitambua kaya maskini ili ziingizwe kwenye mpango wa ruzuku. Mtu mmoja mwenye nia njema akalitaja jina la Sihaba. Sihaba alisimama mbele ya kadamnasi, akamshukuru kwa ulimi laini, akasema nyumba ya Mwinyimvua haijafika huko, waandikwe wanaostahiki. Watu walimpigia makofi. Akarudi nyumbani kichwa juu, na usiku huo yeye na bintiye wakanywa chai kavu wakalala.

Bintiye huyo, Adila, ndiye pekee aliye naye. Baba yake Adila yuko Pangani na mke mwingine na watoto wengine. Yu hai kiasi cha kumzuia Adila asiitwe yatima, lakini hakuwa hai kiasi cha kumlipia ada. Aliyemsomesha ni mjomba, Mwishehe, aliyekuwa akifanya kazi Maskati. Alimtia katika shule ya binafsi, akalipa kila muhula bila kukumbushwa, na mwaka Adila alipomaliza kidato cha nne mjomba akafariki huko huko ugenini. Kidato cha tano na cha sita Adila alisoma shule ya serikali, akilala bweni, akirudi likizo na mikono ya mtu aliyefua nguo za wenzake ili apate sabuni. Alifaulu kwa daraja la kwanza.

Siku alipodahiliwa kusomea ufamasia katika chuo kikuu kimoja cha Dodoma, ujumbe uliingia kwenye simu Sihaba akiwa anachekecha unga. Adila alimsomea mara mbili. Sihaba aliliweka chekecheo chini, akasujudu pale pale sakafuni, unga mikononi. Tangu siku hiyo kila aliyepita barazani alisikia kwamba Adila anakwenda kuwa mfamasia, na kila aliyesikia alimwombea dua. Mtaa mzima ukawa unasubiri safari.

Kudahiliwa, kwa asiyejua, ndiyo sehemu nyepesi. Mtoto wa maskini anaweza kuipata nafasi kwa akili zake mwenyewe, akaithibitisha kwenye mtandao, akaambiwa hongera, karibu chuoni, kisha akaachwa amesimama nje ya lango akitazama ada. Mikopo ya wanafunzi ilitangazwa awamu kwa awamu. Awamu ya kwanza Adila hakuwamo. Wakasema itakuja ya pili. Ya pili ikaja, hakuwamo. Akakata rufaa, jibu likawa lile lile.

Hakuna aliyewaeleza sababu, lakini Adila alikaa akaifikiria akaipata. Kwenye fomu aliulizwa alisoma sekondari gani, akajaza ile ya binafsi, maana ndiko alikosoma. Aliulizwa kama mzazi amefariki, akajaza hapana. Aliulizwa kama kaya yao imo kwenye mpango wa kaya maskini, akajaza hapana. Kila jibu lilikuwa la kweli, na yote kwa pamoja yalimchora mtoto wa tajiri. Alimweleza mama yake hayo bila ya lawama. Sihaba alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mungu hamtupi mja wake," akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Likabaki tumaini moja. Dar es Salaam kulikuwa na mfuko mdogo wa watu binafsi uliokuwa ukisomesha vijana wachache waliokosa mkopo. Mfuko huo haukuwa ukiamini karatasi. Ulikuwa ukituma mtu mpaka nyumbani, akaone kwa macho yake. Adila aliomba, akachujwa, akabaki, na siku moja akapigiwa simu kwamba mgeni atakuja Jumamosi.

"Mama," Adila alisema, "safari hii nakuomba usipambe. Aje atuone tulivyo."

"Kwani mimi huwa napamba?"

"Mama."

"Nimekusikia. Tutampokea kawaida tu."

Nadhani alikusudia hivyo kweli. Lakini mgeni kwao hapokelewi mikono mitupu, na mgeni aliyetoka Dar, tena aliyebeba riziki ya mtoto, hapokelewi juu ya jamvi lililochanika. Ijumaa alasiri Sihaba alivuka njia kwenda kwa jirani yake Bi Zuleha, rafiki wa tangu chuoni kwa mwalimu wa Kurani, akaazima zulia. Zulia likataka mito ya kuegemea. Mito ikataka vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, na vikombe haviwezi kukaa bila birika lake. Zuleha alitoa vyote kwa moyo mkunjufu, akaongeza kuku, akasema, "Huyu wangu mimi, msimrudishe." Jumamosi Lulu aliondoka na beseni tupu. Unga wote na sukari yote vilikuwa vya mgeni.

Adila alipoamka akaikuta sebule vile, alisimama mlangoni. Kisha akasema, "Mama, atadhani tuna uwezo."

"Atadhani tuna adabu," Sihaba alimjibu. "Kavae lile dera la kijani."

Mgeni alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mpole, jina lake Ishaka. Alivua viatu kizingitini, akamwamkia Sihaba shikamoo kwa kuinama kidogo, akaitikiwa marahaba, akakaa juu ya zulia la Bi Zuleha na kuegemea mto wa Bi Zuleha. Ikaletwa kahawa na kalimati. Alikula moja, akala ya pili, akasema hajawahi kula kalimati kama hizo. Sihaba aliinamisha kichwa kama Lulu.

"Mama, samahani kwa maswali yangu," Ishaka alianza. "Ndiyo kazi. Riziki ya nyumba hii inatoka wapi?"

"Riziki inatoka kwa Mola, mwanangu."

"Ni kweli, mama. Nauliza ile ya kila siku. Una shughuli yoyote?"

Adila alidakia. "Mama anakaanga kalimati. Anaamka saa tisa za..."

"Huyu naye," Sihaba alicheka, akampigapiga bintiye gotini. "Napenda kupika, mwanangu. Mwanamke wa kipwani haachi jiko lake. Mwongezee mgeni kahawa."

Adila alimiminia mgeni kahawa. Nyingine ilimwagikia sahanini, na Ishaka, nafikiri, alidhani ni aibu ya msichana mbele ya mwanamume.

"Na chakula, mama? Kwa siku mnakula mara ngapi?"

Hapo Sihaba alihisi uso unamwaka. Katika maisha yake hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo, wala mumewe, wala kakake. Ukweli ulimfika kwenye ncha ya ulimi: kwamba kuna siku ni mara moja, na kuna siku hata hiyo moja ni ya Adila peke yake. Alimtazama kijana wa watu aliyemfungia safari kutoka mbali, ameshika kikombe cha kuazima, akaona hana namna ya kumtupia mgeni mzigo mzito hivyo.

"Tunakula tukashiba," alisema. "Nawe leo hutoki hapa bila ya kuonja wali wetu."

Ishaka aliuliza kama anaweza kuona vyumba vingine. Sihaba alisema huko uani ni kwa wanawake, hakufai kwa mgeni. Kijana alikuwa na malezi, akaomba radhi na hakurudia. Akala wali wa nazi na kuku wa Bi Zuleha, akanawa, akashukuru, akaondoka. Adila alimsindikiza mpaka barazani, akarudi, akaanza kukunja zulia kabla hata halijapoa. Machozi yalikuwa yakimtoka akiwa amefunga mdomo, na mama yake aliyaona akajifanya hayaoni.

Muda si mrefu Bi Zuleha akaingia, amefurahi hana hali. "Shoga, yule kijana wako kapita kwangu. Kaniuliza habari zenu."

"Umemwambia nini?"

"Ningemwambia nini mimi? Nimekusitiri. Nimemwambia wale ni watu wa heshima zao. Hawana shida ndogo ndogo. Ukiona nyumba imechakaa ni mambo ya warithi tu, lakini ndani mna neema." Alikaa kitako akijipepea kwa ncha ya kanga. "Akaniuliza kama huwa mnaomba omba kwa majirani. Nikamwambia, mwanangu, Bi Sihaba hajawahi kuniomba hata chumvi."

Na hilo la mwisho lilikuwa kweli. Sihaba hajawahi kumwomba chumvi. Ni Zuleha mwenyewe aliyekuwa, mwaka hadi mwaka, akimtuma mtu na bakuli lililofunikwa kawa na salamu kwamba "onjeni mchuzi wangu, leo sijui kama umekolea." Na Sihaba alikuwa akirudisha bakuli na jibu kwamba umekolea sana. Wanawake hao wawili walikuwa wamelindana hivyo maisha yao yote, na mapenzi gani yanazidi hayo? Sihaba alimtazama rafiki yake, akaona jinsi kila kitu kilivyokwisha, na lawama hakuna wa kumtwika.

"Ahsante, shoga yangu," alisema.

Jibu lilikuja kwa ujumbe wa simu, lenye heshima zake zote. Walimpongeza Adila kwa ufaulu wake. Walisema wamejiridhisha kwamba familia yake ina uwezo wa kumsaidia, na kwamba nafasi zilikuwa chache kwa wenye uhitaji mkubwa zaidi. Walimtakia kila la heri katika masomo yake.

Kesho yake Sihaba alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alivaa kanga zake zilizopauka, zile za jikoni, akatoka nazo mchana kweupe, akaenda Dar es Salaam kuitafuta ofisi ya mfuko. Njia nzima alikuwa akirudia maneno moyoni, maana yalikuwa mageni kinywani mwake. Alikuta chumba kidogo, watu wamekaa kwenye viti wakisubiri, na meza ya Ishaka iko pale pale mbele ya wote. Ishaka alimtambua, akainuka, akamwamkia, akamvutia kiti. Sihaba hakukaa, kwa kuwa alijua akikaa atapewa maji, na akipewa maji ataanza kushukuru.

"Mwanangu, nilikudanganya," alisema. "Zulia lile si langu. Vikombe si vyangu, na kuku si wangu. Mimi ni maskini. Nakaanga kalimati za kuuza na naona haya kuziuza mwenyewe. Kula yetu ni ya kubahatisha. Mvua ikinyesha tunahama chumba. Mimi ni maskini, sina mbele wala nyuma, na mtoto wangu hana mtu."

Alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kama mtu asiyesikia vizuri. Watu kwenye viti walitazama chini. Ishaka aliiweka kalamu mezani.

"Mama, kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Ulikuwa mgeni wangu."

Ishaka alimweleza, taratibu, kwamba nafasi ya Adila wamekwisha kumpa kijana wa huko Chalinze, na ada yake imeshapelekwa chuoni. Mama wa kijana huyo, alisema, alimshika mkono akamwingiza mpaka jikoni, akamfunulia masufuria moja moja. Sihaba alimfikiria mwanamke huyo asiyemjua. Zamani angemhurumia kwa kukosa sitara. Sasa alimwonea wivu, wivu wa kumuuma kifuani, kwa kuwa mwenzake alikuwa na moyo wa kufunua sufuria.

"Mwakani je?"

"Mwakani tunapokea wanaomaliza mwakani, mama. Ndivyo walivyoweka wenye fedha. Ajaribu tena mkopo wa serikali."

Sihaba alijua fomu itauliza yale yale, na Adila atajibu yale yale. Alimshukuru kijana, akamwombea dua kwa kazi yake. Ishaka alitoa noti mfukoni mwake mwenyewe akataka kumpa nauli. Sihaba akaurudisha mkono wake, akasema anayo. Hata pale, baada ya yote aliyoyasema, mkono wake ulikataa wenyewe.

Alirudi Bagamoyo alasiri, akaingia kwa uchochoroni kama Lulu. Adila alikuwa uani, amekwisha kuumua unga wa kalimati za hitima ya jioni na kuinjika karai. Sihaba alikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akamwambia kila kitu, hata yale ya watu kwenye viti. Hakuficha neno. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia bintiye jambo bila ya kulivika nguo.

"Ningemshika mkono yule kijana nikamleta hapa," alisema. "Hatua chache tu. Nimekunyima kwa mikono yangu, Adila. Chuoni wanakwenda wenzako, wewe utabaki hapa na karai, na aliyekufanyia hivyo ni mimi."

 Adila alikuwa akidondoshea unga katika mafuta, tonge kwa tonge, kwa mkono uliokwisha kuzoea. Huenda angejibu, lakini sauti ya Bi Zuleha ilisikika kutoka mbele ya nyumba, ikipiga hodi.

"Hodi humu! Adila, mwanangu, safari ni lini? Nataka kujua nianze lini kukaanga visheti vyako vya njiani."

Sihaba aliinuka. Alikuwa tayari. Ulimi wake ulikuwa umeshayasema maneno yale mara moja siku hiyo, na mara ya pili isingekuwa ngumu hivyo. Lakini Adila alimtangulia. Alifuta mikono, akajitanda mtandio vizuri, akajipangusa uso, akapita sebuleni hadi kizingitini.

"Shikamoo, Bi Zuleha. Karibu sana. Safari ipo, inshallah, karibuni tu. Chuo kimesogeza tarehe mbele kidogo, lakini kila kitu kiko tayari, alhamdulillah." Akacheka, kicheko kizuri cha nyumba za watu. "Habari za miguu? Na wajukuu, hawajambo?"

Sihaba alisikia yote akiwa amesimama uani. Sauti ilikuwa tulivu, haikuyumba popote, na mtu yeyote angeiamini. Alikuwa amemlea vizuri. Alilia hapo, mkono mdomoni, kwa kuwa barazani kulikuwa na mgeni.

Adila aliporudi alikuta kalimati zinataka kuungua. Akazigeuza upesi.

"Amesema ataleta visheti Ijumaa," alisema, akaendelea kukaanga.